Mniachie Slackware yangu hapa Mwaloni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kuhusu kompyuta za zamani kwenye biashara za Kanda ya Ziwa. Alikumbusha kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, jambo ambalo ni kweli. Kisha akashauri kila mwenye mashine isiyopokea Windows 11 aipeleke kwa wa vyuma chakavu, na anayetaka Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta unaotolewa na watengenezaji wengi kwa majina tofauti, achukue zile za kisasa, aachane na Linux za wazee. Kwenye Windows sina neno, siitumii. Hapo kwenye Linux za wazee ndipo nimeona nisinyamaze, maana ugali wangu unatoka huko.

Mimi ni karani wa stoo ya dagaa hapa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza. Mizigo inashuka kwenye maboti kutoka Ukerewe, Ukara, Kome na visiwa vya upande wa Muleba. Napima, naandika uzito wa kila gunia, jina la mwenye mali na jina la mnunuzi. Lori likishajaa natoa hati ya mzigo, liende Dar es Salaam, Kigoma, Burundi au Kongo. Hati hiyo ina nakala tatu: ya dereva, ya mwenye mali na ya stoo. Zote tatu zinatoka kwa pigo moja kwa sababu natumia Epson LX-300, printa ya pini na utepe wa wino, na karatasi zenye kaboni katikati. Printa za kisasa zinazorusha wino haziwezi kupenyeza maandishi hadi karatasi ya tatu. Risiti ya kodi inatoka kwenye mashine ya EFD, hiyo iko mikononi mwa mwenye stoo na siyo ninayoizungumzia.

Epson hiyo imeungwa kwa waya mpana wa pini 25 kwenye kompyuta ya mezani ya biti 32, aina ya zamani, yenye RAM ya GB 1. Ndani yake mna Slackware, mojawapo ya hizo Linux za wazee. Sifungui madirisha wala picha. Nafanya kazi kwenye skrini nyeusi yenye maandishi meupe. Mahesabu yote yamo kwenye faili za maandishi tupu, mstari mmoja kwa kila gunia: tarehe, chombo, mwenye mali, kilo, mnunuzi. Jumla napigiwa na awk, programu iliyotungwa Bell Labs huko Marekani mwaka 1977 na ambayo imo ndani ya Slackware. Hati ikiwa tayari naituma moja kwa moja kwenye tundu la printa, ambalo kwenye Linux linaitwa /dev/lp0. Amri ya mstari mmoja, printa inaanza kulia, dereva anachukua karatasi yake na kuondoka.

Aliyeniwekea ni shemeji yangu, enzi za toleo la 12.2 lililotoka Desemba 2008. Kisha kazi ikamhamishia Mbeya, nikabaki na mashine. Sikuwahi kusoma kompyuta darasani. Nilijifunza kwa kusoma faili zilizomo humo humo, na hilo ndilo linalonifanya niandike barua hii ndefu.

Wasioijua Slackware niwaeleze kidogo. Patrick Volkerding alikuwa mwanafunzi wa chuo huko Moorhead, jimbo la Minnesota. Wakati huo Linux iliyokuwa ikisambaa ilikuwa mkusanyiko ulioitwa SLS, na ulikuwa umejaa kasoro. Mwalimu wake akamwomba aiweke kwenye kompyuta za chuo, naye akawa anarekebisha kasoro moja baada ya nyingine mpaka marekebisho yenyewe yakawa mfumo. Aliutoa hadharani tarehe 17 Julai 1993, ukiwa kwenye disketi 24. SLS ilikwisha kufa. Slackware ipo bado, na Volkerding ndiye bado anaiongoza. Katika Linux zote zinazotunzwa hadi leo hakuna iliyoitangulia. Debian ilitangazwa mwezi mmoja baadaye. Ubuntu ilikuja mwaka 2004. Hata SUSE, ambayo leo inauzwa kwa makampuni makubwa, ilianza mwaka 1994 ikiwa Slackware iliyotafsiriwa kwa Kijerumani.

Kwa hiyo msomaji mwenzangu anaposema "za wazee" hajakosea umri. Ninachopinga ni kwamba umri peke yake ni sababu ya kuhama.

Vijana mafundi wanaopita stoo, na ni wanangu wema kweli, hawanishauri nihamie kwa wageni tu. Wananitajia watoto wa Slackware yenyewe, yaani Linux zilizojengwa juu yake. Zenwalk ilianza 2004. Salix ikaja 2009, na ndiyo wanayoisifia zaidi. Kisa chao ni hiki: Slackware ina amri iitwayo installpkg, unaipa kifurushi, yaani programu iliyofungashwa, nayo inakiweka. Haiulizi kama kifurushi hicho kinahitaji kingine ndipo kifanye kazi. Kama kinahitaji, utajua mwenyewe. Salix inajua utegemezi huo, inakuletea programu pamoja na vyote inavyohitaji, na haikujazii programu tano za kazi moja. Nimeijaribu Salix kwenye laptopu nyumbani Pasiansi. Ni safi, ni nyepesi, na mtu anayeanza leo akiniuliza nitamwambia aiangalie.

Ila kwenye mashine ya stoo sitaki chochote kiletwe na kitu kingine. Nataka kilichomo humo kiwe kile nilichokiweka mimi, na orodha yake niweze kuisoma. Slackware inaweka kumbukumbu ya kila kifurushi kwenye faili la maandishi, na ndani ya faili hilo kumeandikwa kila kipande kilichowekwa na kimewekwa wapi. Hilo suala la utegemezi nalo linapungua sana ukiiweka Slackware nzima kama Volkerding anavyopendekeza, kwa sababu vyote vimo kwenye DVD moja: kerneli ambayo ndiyo kiini cha mfumo, mtandao, KDE na Xfce kwa wanaotaka madirisha, Firefox ya intaneti, GIMP ya picha, lugha za kuandikia programu, mpaka ya barua pepe. Unaiweka mwanzo hadi mwisho bila kugusa intaneti. Mtu wa mjini mwenye waya wa intaneti ukutani anaweza asione uzito wa jambo hili. Mtu anayenunua bando, tena hapa kwenye mapaa ya bati na mtandao unaopanda na kushuka, anauona.

Niseme lililotokea, bila kutaja jina la mfumo wala la aliyeuleta. Mwenye stoo alinunua kompyuta ya pili, mpya, yenye Linux ya kisasa ya madirisha mazuri, nami niliikaribisha kwa moyo mmoja. Kwa watu wa dagaa mwezi unagawanyika mara mbili: giza na mbalamwezi. Wakati wa giza wavuvi wanawasha taa ziwani, dagaa wanafuata mwanga, na mchana wake Mwaloni hapatoshi. Wakati wa mbalamwezi taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Sasa ile kompyuta mpya ilijisasisha yenyewe usiku, katikati ya giza. Asubuhi malori yamepangana, makuli wamekwisha pakia, na kompyuta haiitambui printa tena. Kijana fundi akaja mbio. Akatafuta mtandaoni, akakuta suluhisho linahitaji kupakua kifurushi kingine, mtandao ukawa unasuasua. Madereva wakaanza kunijia dirishani: "Mama karani, tunasubiri nini?" Niliwaandikia hati zote kwenye ile mashine ya zamani, na kijana aliendelea kuhangaika na ile mpya hadi adhuhuri. Hakuwa mjinga. Alikuwa mbele ya kitu ambacho hakikutengenezwa ili yeye akifungue.

Slackware haijisasishi usiku. Mabadiliko yote yanaandikwa kwenye faili moja la maandishi liitwalo ChangeLog, yanayohusu usalama yakiwekewa alama ya nyota, na mimi ndiye ninayeamua lini nayachukua. Nayachukua wakati wa mbalamwezi, stoo ikiwa imepoa. Amri ni mbili za slackpkg, programu yake ya kusasisha, nasoma orodha, nakubali, nawasha upya, najaribu printa.

Msomaji aliandika kwamba mfumo wa zamani ni mfumo usio na ulinzi. Kwa mifumo iliyotelekezwa, sawa. Slackware 14.0 ilitoka Septemba 2012, na viraka vyake vya usalama viliendelea kutolewa hadi mwisho wa 2023. Miaka kumi na moja hiyo. Toleo ninalotumia sasa ni 15.0, la tarehe 2 Februari 2022, na viraka vyake vinakuja. Jina ni la zamani na desturi zake ni za zamani, lakini kerneli iliyomo ni ya familia ya 5.15, inayotumiwa na wengine wengi.

Nije kwenye lile la kusoma. Mashine yenye Slackware ikiwashwa inafuata maelekezo yaliyomo kwenye folda iitwayo /etc/rc.d. Ni skripti za kawaida, maandishi ambayo unaweza kuyafungua na kuyafuata mstari kwa mstari, tena mengine yana maelezo ya Volkerding mwenyewe pembeni. rc.S inakagua diski na kuiandaa. rc.M inawasha huduma. Kila huduma ina faili lake. Ukitaka huduma fulani iwake, unaliwekea faili lake ruhusa ya kutekelezwa. Hutaki, unaiondoa ruhusa hiyo. Yako ya ziada unayaandika kwenye rc.local. Kiingereza changu ni cha shule, lakini niliweza kufuata. Linux nyingine kubwa zimehamia systemd, programu inayowasha na kusimamia huduma zote badala ya skripti hizo, Fedora mwaka 2011, Debian na Ubuntu mwaka 2015. Sina chuki na systemd; wanaoendesha kompyuta mia kwa wakati mmoja wana sababu zao. Ila kumbukumbu zake zinahifadhiwa kwa namna inayohitaji programu maalumu ndipo uzisome, na mambo yamefumana kiasi kwamba mtu wa stoo hawezi kuanzia juu akafika chini. Mwenye mtumbwi anayejua kukalafati anajua ni ubao upi unaoingiza maji na anaushughulikia akiwa kisiwani, bila kumngoja fundi avuke. Mimi nataka kompyuta ya namna hiyo.

Umeme ukikatika ghafla, na unakatika, naikuta mashine inajikagua ikiwaka na inaniandikia kwenye skrini kila inachofanya. Ikikwama, neno la mwisho kwenye skrini ndilo linaloniambia imekwama wapi. Nalichukua neno hilo, nalitafuta ndani ya /etc/rc.d, na mara nyingi napata nilipopaswa kuangalia. Mifumo mipya inaficha maneno hayo nyuma ya nembo inayozunguka, ati yasimtishe mtumiaji. Hayajawahi kunitisha. Nembo inayozunguka bila kusema kitu ndiyo inayonitisha, hasa kukiwa na lori nje.

Sasa yale ambayo msomaji angeweza kuniuliza na ana haki ya kuuliza.

Kubwa kuliko yote ni kwamba Slackware imemwegemea mtu mmoja. Mwishoni mwa 2004 Volkerding aliugua sana, na watumiaji wake dunia nzima walishikwa na hofu. Mwaka 2018 alieleza hadharani kwamba amekwama kifedha, watu wakaanza kumchangia. Kati ya toleo la 14.2 la mwaka 2016 na 15.0 ilipita zaidi ya miaka mitano, na wengi walihama wakiamini imekwisha. Hili sina jawabu la kulimaliza. Ninachojua ni kwamba hayuko peke yake kabisa: wako wasaidizi kama Robby Workman na Eric Hameleers, Mholanzi anayejenga vifurushi ambavyo havimo kwenye DVD. LibreOffice haimo, kwa mfano. Naipata kwake, naibeba kwenye flashi hadi kwenye laptopu ya biti 64 ninayoandikia barua za ofisi, hii ikiwemo. Na ninajua kwamba Volkerding akiacha leo, mashine yangu haizimiki kesho. DVD ninayo, faili zote ni maandishi, hakuna leseni itakayofungwa kutoka mbali. Nitakuwa na muda wa kuhamisha mahesabu yangu kwenda kokote, kwa kuwa maandishi tupu yanafunguka popote.

Pia biti 32 zinaelekea ukingoni. Ubuntu ya kompyuta za mezani iliacha kutolewa kwenye diski za kuwekea mfumo kwenye mashine hizo kuanzia toleo la Oktoba 2017. Debian 13, ya Agosti 2025, nayo imeacha. Mozilla ilitangaza mwaka 2025 kwamba Firefox ya Linux ya biti 32 inasitishwa. Slackware 15.0 inatolewa kwa biti 32 na 64, na mashine yangu haihitaji Firefox. Hata hivyo saa ya biti 32, inayohesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, itajaa tarehe 19 Januari 2038. Kabla ya hapo nitakuwa nimehamia mashine ya biti 64 yenye tundu la pini 25 au kadi ya kuliongeza, na humo nitaweka Slackware64, iliyopo rasmi tangu toleo la 13.0 la mwaka 2009. Faili zangu zitahama kama zilivyo.

Lililoniuma zaidi katika barua ya mwenzangu lilikuwa pale aliposhauri shule nazo zitupe mashine hizo. Mwanza ina vyuo, ina sekondari zenye vyumba vya kompyuta, na vijana wanaotoka humo wanafika hapa Mwaloni kutafuta kazi. Nawauliza: kompyuta ikiwashwa, kinaanza nini? Wengi wanaijua menyu, wanajua pa kubonyeza. Kilicho chini ya menyu hawajawahi kuonyeshwa, na kosa si lao. Mashine ya biti 32 ambayo Windows 11 imeikataa inatosha kabisa kumfundishia kijana jinsi diski inavyogawanywa, jinsi huduma inavyowashwa, jinsi skripti inavyoandikwa. Akiiharibu, anaiweka upya kutoka kwenye DVD, na kuiharibu ni sehemu ya somo. Mashine mpya ya bei mbaya hakuna mwalimu atakayemruhusu aifanyie hivyo.

Tunao mfano wetu wa nini kinawezekana watu wakiruhusiwa kufungua. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa kuwa chanzo cha programu kilikuwa wazi, na kwa kuwa walikuwepo watu waliojua waingie wapi.

Nawaomba basi wakuu wa shule na vyuo vya hapa mjini, kabla hamjaita gari la chakavu, mtenge angalau meza moja ya mashine hizo. Na nyinyi mafundi wanangu, mkija stoo msinianzie na kuhama. Kaeni kwanza mnionyeshe kipi mnachokifanya ambacho mimi sikiwezi, nitasikiliza, na kikiwa cha maana nitakiweka.

Nakala ya Slackware 15.0 ninayo, ya biti 32 na ya biti 64. Mwalimu au mwanafunzi anayeitaka aje na flashi ya GB 8, nitamnakilia bila malipo na kumwonyesha namna ya kuiweka. Aje wakati wa mbalamwezi, saa za jioni, aulize stoo yenye printa inayolia, makuli watamwelekeza.

Wako katika kusoma,

Karani wa stoo ya dagaa,
Mwaloni, Kirumba,
Mwanza